Dira ya Joyline na Nyumba ya Jamhuri

Barua zenu nimezisoma. Yule wa Kawangware aliyeniita mkatili eti nimemwacha Joyline mlangoni wiki nzima na dira mkononi, nimemsikia. Yule wa Uthiru anayeapa kwamba dira ni pepo, naye nimemsikia. Sasa nyamazeni turudi Jamhuri, maana sindano bado inacheza.

Ijumaa, saa nne asubuhi. Joyline Khavere, karani wa mapokezi kule Hurlingham, amesimama kwenye kizingiti cha nyumba ambayo yeye na mumewe Nashon wanataka kuinunua. Kiganjani ana dira ndogo aliyopewa na mwajiri wake, Madam Lim, Mchina wa Malaysia anayepamba nyumba za matajiri. Na sindano ya dira hiyo, badala ya kutazama kaskazini kama sindano zenye heshima zao, imegeuka na kumtazama Nashon.

Joyline akarudi nyuma hatua moja. Nashon akamfuata, bega kwa bega, achungulie. Sindano ikamfuata Nashon.

"Baba Sheila, hebu njoo upande huu wa kulia."

"Kwani kuna nini?"

"Njoo tu."

Nashon akazunguka. Sindano ikazunguka naye. Akarudi kushoto, nayo ikarudi kushoto. 

"Madam, hiyo saa imeharibika?" akauliza Dedan, broka wa nyumba, aliyekuwa ameegemea nguzo ya baraza akichezea funguo za gari.

"Si saa. Ni dira."

"Ya kutafuta nini? Kaskazini haijapotea. Iko tu hapo Kangemi."

Hakuna aliyecheka. Dedan akajichekea mwenyewe, kazi ya broka ndiyo hiyo.

Kwa wewe uliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza, nikupe kwa ufupi. Feng shui ni elimu ya Wachina ya kupima nyumba imekaaje: mlango unatazama wapi, barabara inaijia vipi, mgongo umeegemea nini. Joyline aliichukulia mzaha mpaka siku Madam Lim alipokuja kwake Kabiria kumpa pole. Mama wa watu alisimama langoni akakataa kuingia. Akasema nyumba hiyo ya kupanga imekaa mwisho wa barabara iliyonyooka, na barabara ya namna hiyo ni mkuki unaorushwa mlangoni kila siku. Joyline akakumbuka wezi, wamekuja mara tatu. Akakumbuka Nashon alivyoachishwa kazi kiwandani. Akakumbuka na ile mimba iliyoharibika, ambayo hapo nyumbani hawaizungumzi. Akaapa hatalala tena ndani ya nyumba ambayo hajaipima.

Na hii ya Jamhuri, jamani, ilikuwa imepita kila mtihani! Nyuma pana mwinuko. Mbele pamefunguka. Barabara inapita ubavuni kwa adabu zake. Choo hakitazamani na mlango. Ilibaki sindano tu, na Madam Lim alikuwa ameonya: "Sindano ikikataa kutulia mlangoni, ondoka, usiulize bei."

Lakini hakusema ufanye nini sindano ikimfuata mumeo.

Joyline akatoa simu, akapiga Hurlingham.

"Madam, sindano haitulii. Inamfuata mtu."

"Mtu gani?"

"Bwanangu."

Kisha Madam Lim akasema kwa kile Kiswahili chake cha dukani, "Joy, acha kupima nyumba. Pima bwana."

Simu ikakatika. Salio limeisha, na limechagua wakati wake.

"Amesema nini?" Nashon akauliza.

"Hatununui."

"Ati?"

"Umenisikia. Hatununui."

Sasa Nashon ni mtu mpole. Walio pamoja nasi tangu mwanzo mnajua kwamba ni mtu wa kumwomba msamaha paka aliyemkanyaga. Siku hiyo alilipuka.

"Mama Sheila, unataka nini kwa hii dunia? Ile ya Riruta ulisema kona ya paa la jirani inatuchoma kama kisu. Ile ya Satellite ukasema bahati inaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Nikanyamaza. Hii imekosa nini? Saa sita wakili anatungoja town! Saa nane kuna mwalimu anakuja kuichukua! Dedan, mwambie."

"Mwalimu ako serious, madam," akasema Dedan, macho yako kwenye funguo.

"Haraka ya nini?" Joyline akauliza. "Tangu Pasaka unakimbia tu. Hulali, huli. Ukikaa unasimama. Tunakimbizwa na nani?"

Nashon akatazama saa. Jasho lilikuwa linamtoka, na mikono ya shati ameifunga vifungo mpaka kwenye viganja, jua lote hilo.

Mlango ukafunguka nyuma yao.

"Kelele ya nini kwa mlango yangu?"

Alikuwa shosho Mwihaki, mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini na mbili. Alikuwa anafunga vyombo ahamie kwa bintiye Nyahururu, na bado ameshika sufuria. Akaangalia dira. Akamwangalia Joyline. Kisha akamwangalia Nashon kuanzia kichwani hadi kiatuni.

"Marehemu mzee alikuwa akitembea na masaveya, hao wa kupima mashamba," akasema. "Hiyo kitu naijua kuliko nyinyi. Kijana, inua mkono."

"Shosho, tafadhali..."

"Inua mkono!"

Nashon akainua mkono. Shosho akaweka sufuria chini, akamfungua kifungo kama mtu anayemvua mtoto wa nasari, akapandisha shati. Hapo kwenye kifundo cha mkono palikuwa na bangili pana ya shaba yenye vidoti vyeusi.

"Si nilijua!" shosho akapiga kofi. "Bangili ya sumaku! Hata mimi niliuziwa na msichana wa kanisa, ati ni ya presha. Presha ilibaki palepale, na saa yangu ya mkono ikasimama. Vua hiyo kitu, peleka mbali."

Dedan akaipeleka bangili mpaka kwenye ua, akaining'iniza, akarudi. Wote wakainama juu ya kiganja cha Joyline, vichwa vinne vimegusana.

Sindano ikatikisika. Ikapunguza kasi. Ikatulia kaskazini, tuli kabisa.

Joyline akasoma mlango: kusini mashariki. Hakuna upande bora kuliko huo kwa familia inayotaka kusimama tena. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Aliona haya, tena sana, maana kwa nusu saa nzima alikuwa amemwona baba wa mtoto wake kama mkosi unaotembea. Akamkumbatia mbele ya broka na shosho.

"Nisamehe, Baba Sheila. Nilikuwa nakaribia kukuacha kwa sababu ya bangili!"

"Twende tukasaini," Nashon akasema sikioni mwake. "Tafadhali. Sasa hivi."

Mngefikiri mambo yameisha. Wakaingia kwenye gari la Dedan, shosho mbele na mkoba wake mapajani, Joyline na Nashon nyuma. Walipofika Ngong Road, wakakwama kwenye foleni. Na foleni ya Nairobi, wasomaji wangu, humpa mwanamke nafasi ya kufikiri.

"Presha ni ya nani?" Joyline akauliza.

"Presha gani?"

"Bangili ya presha. Wewe una presha?"

"Aah, hapana. Ni Becky tu, wa pale kwa ofisi mpya, tunafanya naye kazi. Anauza. Nikamuunga mkono."

"Becky."

"Ndiyo, Becky."

"Na ukaificha ndani ya shati."

"Si kuficha. Ni kuvaa."

Joyline akageukia dirishani. Moyo uliokuwa umetulia na sindano ukaanza tena kudunda. Mwanamume haungi mtu mkono kwa siri. Akajiuliza Becky ni nani, ana umri gani, amewauzia wanaume wangapi bangili hizo. Dedan akawasha redio. Shosho akaizima.

Wakili wao ana ofisi katika jengo moja la zamani karibu na Moi Avenue, ghorofa ya nne. Kwenye lifti palikuwa pamebandikwa karatasi: imeharibika, tumieni ngazi. Karatasi yenyewe ilikuwa imeshazeeka. Dedan akasema yeye atangoja garini, askari wa kanjo, wale wa jiji, wasije wakalifunga mnyororo.

Ghorofa ya kwanza, Nashon akasimama.

"Tangulieni. Nafunga kamba ya kiatu."

Ghorofa ya pili, akasimama tena, ameinama, mkono kwenye ukuta.

"Hii kamba inanisumbua."

Ghorofa ya tatu, shosho Mwihaki wa miaka sabini na mbili alikuwa juu tayari, anamsubiri kijana wa arobaini na mmoja. Joyline akashuka vidato viwili amsaidie. Akatazama viatu vya mumewe. Vilikuwa vile vyeusi vya kuchomeka mguu tu. Havina kamba. Havijawahi kuwa na kamba.

Akafungua mdomo aseme, lakini mlango wa juu ukafunguliwa.

"Mmechelewa," akasema Wakili Syokimau. "Karibuni, ketini."

Wakili Syokimau hana maneno mengi. Alisukuma mkataba mezani, akaweka kalamu juu yake.

"Muuzaji, Mwihaki. Ameshasaini. Mnunuzi, saini hapa na hapa."

Joyline akasoma. Akasoma tena, kidole kikitembea chini ya maneno. Jina la mnunuzi lilikuwa moja. Joyline Khavere.

"Jina lako liko wapi?" akamuuliza Nashon.

"Saini tu, Mama Sheila."

"Nimekuuliza jina lako liko wapi."

"Haina haja ya mawili."

Hapo ndipo yote yalipomjia kwa pamoja, na yakamjia vibaya. Haraka tangu Pasaka. Kukosa usingizi. Becky. Nyumba kuandikwa jina la mke peke yake, mke ambaye hajaomba. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Unaniacha!"

"Joy..."

"Unaniacha na unanipa nyumba kama kiinua mgongo! Nimekutumikia miaka kumi na nne, unastaafisha mke! Mwambie Becky wako ahamie yeye hapo Jamhuri. Mimi mkono wangu hautagusa hiyo kalamu!"

Shosho akashika kichwa. "Ngai wangu," akasema.

Wakili akamgeukia Nashon, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Uliniahidi utamwambia kabla ya leo. Uliketi hapo hapo ukaahidi."

"Aniambie nini?"

Nashon alikuwa bado hajapata pumzi vizuri. Alizungumza akiangalia meza.

"Becky ni nesi, Joy. Ofisi ile mpya ni kliniki, mimi naendaga kama mgonjwa. Hakuna kazi. Sijapata kazi. Mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri. Hiyo bangili aliniuzia kwa huruma, nami nikavaa kwa sababu mtu akizama hushika hata jani."

Joyline hakukaa. 

"Wanasema nini?"

"Wanasema nipasuliwe. India. Hapa foleni ni ndefu kuliko siku zangu."

"Basi utaenda India."

"Na nini? Pesa ya kiwanda na ya ploti tuliyouza Kitengela ndiyo hii nyumba. Ni moja tu kati ya mbili. Na kule India unaweza kwenda na usirudi, halafu mkose vyote." Sasa alimwangalia. "Ulimwona Peres, mke wa marehemu ndugu yangu. Ndugu yetu Jackton na wenzake walimtoa kwa nyumba kabla matanga hayajaisha. Walibeba hata mapazia. Mimi nilikuwepo, Joy. Nilibeba meza. Sikusema neno, nikabeba meza. Nikiwaza wewe na Sheila mmetolewa hivyo, silali. Hiyo ndiyo presha yangu. Nyumba ikiwa na jina lako, Jackton akija atabisha kama mgeni."

Mimi ninayewaandikia nina roho ngumu, muulizeni mhariri wangu. Lakini hapa niliweka kalamu chini nikaenda kutafuta chai.

Joyline alilia bila sauti. Alimwonea uchungu, alimkasirikia, alimpenda, yote kwa mara moja, na hakujua aanze na lipi. Kwa miezi alikuwa akizunguka Nairobi nzima na dira, akipima mapaa ya majirani na milango ya vyoo, akitafuta nyumba isiyo na hatari. Na hatari alikuwa analala nayo kitanda kimoja, ikipumua kwa shida, akidhani ni homa ya vumbi.

Akauchukua mkataba. Nashon akashusha pumzi, akidhani anasaini.

Akaupasua katikati. Akaviweka vipande pamoja, akavipasua tena.

"Umefanya nini?" Nashon akapiga kelele.

"Nimenunua tikiti ya India."

"Joy, hiyo nyumba ni nzuri! Wewe mwenyewe umepima!"

"Ndiyo, ni nzuri. Hakuna nzuri kuiliko Nairobi hii. Sasa wewe unataka nikae humo na nani? Na kusini mashariki? Mwalimu wa saa nane aichukue, awe na baraka. Wakili, pesa hizo zitoke leo."

Wakili Syokimau hakusogea. Alivua miwani yake, akaifuta, akaiweka mezani.

"Hakuna mwalimu, Joyline. Alimbuni Dedan, mumeo akakubali, ili ufanye haraka. Nyumba ililipwa Jumanne."

"Ililipwa?"

"Yote. Nilimwambia apitishie kwangu tungoje saini yako. Akasema hana siku za kungoja. Alimpa shosho hundi ya benki, mkono kwa mkono."

Joyline akamgeukia mumewe polepole. "Kwa hivyo leo asubuhi, mimi na dira yangu..."

"Nilitaka ufurahi," akasema Nashon. "Nilitaka uingie ukiamini."

"Na kama ningekataa?"

Nashon akatazama vipande vya mkataba. Hiyo ndiyo shida ya mtu mpole akiamua jambo, huliamua hadi mwisho bila kumwambia mtu.

Joyline akapiga magoti mbele ya kiti cha shosho Mwihaki, akamshika mikono yote miwili.

"Shosho, baki na nyumba yako. Turudishie tu. Nakuomba kama mama aliyenizaa."

Shosho akamvuta karibu. "Mwanangu, mimi ningekurudishia saa hii. Kama huyu kijana angeniambia ni mgonjwa, singepokea hata shilingi. Lakini sio kwangu ziko."

"Ziko kwa nani?"

"Kwa akaunti yangu na Maina, kijana yangu. Anaweza kutoa bila mimi." Akatazama saa ya ukutani, na uso wake ukabadilika. "Hundi iliiva leo asubuhi. Maina alisema anakuja town saa sita na nusu azitoe zote. Ati ana biashara yake ya malori. Ni hii benki iko hapo ng'ambo ya barabara."

Saa ya ukutani ilikuwa saba kasoro dakika kumi na tano.

"Mpigie simu, shosho!"

Shosho alikuwa tayari amefukua simu mkobani, ameiweka sikioni. Akatikisa kichwa. "Ameizima."

"Anafananaje?"

"Mrefu. Koti ya kijani. Akiwa na haraka anatembea ameinamia mbele. Kimbia, mwanangu! Mwambie mama amesema asimame!"

Joyline alivua viatu vyake vya visigino akaviacha katikati ya ofisi ya wakili. Hakuangalia nyuma. Ngazi alizishuka mbili mbili, mkono kwenye chuma cha pembeni, sketi ameishika kwa mkono mwingine. Ghorofa ya tatu. Watu waliokuwa wakipanda wakabana ukutani. Mmoja akauliza, "Kuna moto?" Hakujibu.

Ghorofa ya pili kuna dirisha linaloangalia barabara. Akalipita, kisha akalirudia. Ng'ambo, kwenye vidato vya benki, mwanamume mrefu mwenye koti la kijani alikuwa anasukuma mlango wa kioo kuingia. Kuingia, si kutoka! Bado kuna dakika. Akiwahi sasa hivi, akimshika hilo koti kabla hajafika kwa karani, Nashon ataenda India.

Akageuka akimbie.

"Joy!"

Sauti ya Nashon, kutoka juu kabisa ya ngazi. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeita maji.

Joyline akasimama na mguu mmoja hewani. Akangoja amwite mara ya pili.

Hakumwita.